Mama Mkwe Atangulie

Wifi yangu Dzabuli ana kichwa kigumu kuliko mawe ya mnara wake, na hilo namwambia usoni. Kaka yangu Murzakan alimwoa akamweka chini ya mteremko ule, kwenye nyumba iliyoshikana na mnara, ambamo huwezi kutoka bila kupita mnarani. Kaka alikufa, yeye hahami ng'o. Mama yangu Pati naye aliishi humo humo, akigombana na Dzabuli kwa chumvi, kwa kuni, kwa kila kitu, hadi alipofariki.

Zilikuwa siku za wafu, wanaporudi nyumbani kula nasi. Mwanzoni mwa baridi theluji ilianguka haba, ikageuka punje kavu zisizoshikana. Kisha upepo ukalundika nyingine juu yake, nzito, imekaza kama ubao. Asubuhi ile nilichimba nyuma ya zizi, ile ya chini ikanimwagikia mkononi kama sukari. Nikapiga hatua moja, theluji ikaguna "vumm!" na ufa ukakimbia mbele yangu. Nilijua theluji yote ya mteremko itaporomoka.

Nikamkimbilia. "Dzabuli, toka! Mlima unashuka leo!"

"Nitokeje, wifi? Murzakan yuko mezani. Mgeni haachwi peke yake."

"Si umlete kwangu! Kwani kwangu hakuliki?"

Akachukua mshumaa na mkate wa nyama, akafungua mlango. "Murzakan, twende kwa dada yako. Kupika hajui, lakini vumilia."

Tulifika salama. Namimina pombe ya kaka, namwona wifi kasimama tu.

"Na mama yako? Nimemwita mume wangu peke yake. Mama atasema nimemwacha makusudi."

"Usithubutu, Dzabuli!"

Alishatoka. Alikuwa ametokomea mnarani mlima ulipokatika. Mungu wangu! Pigo moja, kisha vumbi jeupe tupu. Lilipotua, njia haipo, zizi halipo, nyumba haipo. Mnara tu. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Wanaume wakaja na makoleo na fito ndefu, wakaanza kuidunga theluji njiani kumtafuta, maana muda ule angekuwa anarudi.

"Mnatafuta nini huko?" sauti ikatoka mnarani.

Tulimkuta mlangoni pa mnara, theluji imemfika kifuani, mweupe kama unga.

"Ulikuwa unafanya nini humo?" nilimfokea.

"Nilimwita, nikafungua mlango, nikasimama kando apite. Mke wa mwana hamtangulii mama mkwe, si alinisema miaka yote?" Akatazama pale palipokuwa na njia, midomo ikimcheza. "Nikangoja. Unamjua mama yako kwa kujikongoja."

Nikaketi palepale kwenye theluji.

Jioni tulikaa mezani kwangu, viti vinne. Dzabuli alimkatia mama kipande cha mkate kikubwa kuliko cha mumewe.