Saa Niliyoirekebisha Baharini

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nikijiita baharia. Nilikuwa nimebeba nazi na chumvi kutoka Lindi hadi Kilwa, mara mbili hadi Mafia, na katika safari zote hizo pwani haikuwahi kunipotea machoni. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Basi Mzungu mmoja alipotia nanga Lindi na mashua yake nyeupe, akitafuta msaidizi wa kwenda naye Ngazija na kurudi Kilwa, nilimwambia mimi mtu wa Mchinga, bahari yote naijua. Uongo mtupu, lakini niliusema kwa sauti nzuri.

"Tukifika Kilwa, nami nikaridhika na kazi yako," alisema, "nitakuchukua hadi Shelisheli, kisha Bombay."

Shelisheli! Bombay! Nilirudi nyumbani kwangu Rasbura, pale pale Lindi, nikitembea kama bwana harusi.

Siku ya pili ya safari nchi kavu ilizama nyuma yetu, nami nikapiga kelele za furaha hata Bwana akacheka. Maji yalikuwa rangi ya nili, mazito, na mashua ililala ubavu ikikimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Nilidhani ningeogopa. Nilitaka kuimba, na niliimba. Bwana alipima jua kwa chombo chake cha shaba, akatazama saa kubwa iliyokaa ndani ya sanduku la mti, akaandika, akasema asubuhi tutauona mlima wa Ngazija. Asubuhi mlima ukawa pale pale aliposema! Niliitamani kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitamani.

Wakati wa kurudi Bwana alishikwa na homa. Jioni moja aliniita kutoka kitandani, akanipa ufunguo. "Nimesahau kuitia saa ufunguo. Itie wewe, taratibu."

Nikafungua sanduku. Jua ndilo kwanza linazama, na saa inasema tatu na nusu! Nilimhurumia Bwana, homa ilikuwa imemfanya aiache saa yake iharibike hivyo. Marehemu baba yangu alikuwa muadhini Mchinga, na saa ya msikitini niliirekebisha mimi kila Magharibi: jua likizama, mishale yote miwili juu, saa kumi na mbili kamili. Nikafungua kioo, nikaisogeza mishale kwa kidole, nikaitia ufunguo, nikafunga. Nikasali nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Asubuhi homa ilikuwa imepungua. Bwana akapima jua, akatazama saa, akatazama tena. Uso ukamwisha damu.

Ningeweza kunyamaza. Saa hufa, homa husahaulisha, nani angejua? Lakini mficha uchi hazai. Nikasema, "Ni mimi, Bwana. Niliirekebisha, kwa kuwa jua lilikuwa linazama."

Hakunitukana, na hilo lilinitisha zaidi. "Saa hii hufuata wakati wa Uingereza," alisema. "Nikiulinganisha na jua la hapa, najua tuko umbali gani na pwani. Uliikuta inasema ngapi?"

"Tatu na nusu, Bwana. Au ilikuwa imepita kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Sikujua. Akanieleza kwamba kosa la dakika nne ni maili sitini za bahari. Kwa jua la adhuhuri aliweza kujua tu kwamba tumekaa usawa wa Kilwa, si umbali wake. Miamba iko mbele kwa siku mbili au kwa saa mbili, hakujua. Nikaiona Shelisheli ikinitoka mikononi, na huenda roho zetu pia. Nilijichukia.

Giza lilipoingia tulitua tanga tukaelea, tusije tukapanda mwamba. Alfajiri nilikuwa nimesimama mbele, nikiwa nimekodoa macho kama mgonjwa. Upepo ukageuka, ukaanza kutoka magharibi, mwepesi, wa nchi kavu. Ukaniletea moshi.

Si moshi wa kuni. Ulikuwa moshi wa majani makavu na visiki, ule nilioujua tangu utotoni, maana mama yangu ni Mmatumbi wa vilimani, na kabla ya mvua kila nyumba kwao huchoma shamba. Nikapapasa tanga lililokunjwa. Kidoleni nikapata masizi, majani membamba meusi yaliyoungua.

"Bwana!" nilipiga kelele. "Wajomba zangu wanachoma mashamba! Pwani iko karibu!"

Akanusa. Akaokota jivu moja, akalitazama muda mrefu. Tukapandisha tanga dogo, nikatupa bildi, ile risasi ya kupimia kina, mara haigusi, mara haigusi, mara imegusa! Kulipopambazuka, povu jeupe la mwamba lilikuwa mbele yetu. Tungeendelea na safari usiku ule, tungelala juu yake. Nikaupata mlango wa Kilwa kwa alama nilizozijua tangu zamani, nikaiingiza mashua bandarini.

Bwana akaenda bomani kuuliza saa kwa simu ya upepo. Mimi nikafunga mzigo wangu, nikauweka karibu na ngazi, nikangoja kuteremshwa.

Alirudi jua likizama. Adhana ilikuwa inasikika kutoka mjini. Akairekebisha saa yake, akafunga kioo, akauona mzigo wangu. Kisha akanitupia ufunguo.

"Kila asubuhi utaitia wewe," alisema. "Mishale usiiguse mpaka Bombay."