Kura ya Marehemu Ocira

Aloyo alikuwa kazini kwenye makutano ya Ntinda, amevaa sare nyeupe ya trafiki, jua linamchoma shingo, alipoiba dakika moja kutazama kura ya chama imekwendaje. Swali lilikuwa limewekwa kwenye kundi la simu, na chini ya neno "Ndiyo" zilipangwa picha ndogo za waliokubali. Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Taban, mwenyekiti. Mbele kidogo akamwona Ocira, kaka yake, anacheka na miwani yake ya jua.

Ocira walikuwa wamemzika nyumbani kwao Gulu, kaskazini, mwaka uliopita.

Dereva wa lori akapiga honi. Aloyo alimgeukia kwa jicho ambalo lilimfanya yule bwana ashushe kioo na kuomba radhi, ingawa hakuwa amekosa lolote.

Chama chenyewe kilikuwa cha watu waliokulia pamoja Mbuya, katika nyumba za askari wa jeshi na polisi, wengi wao wazazi wao wametoka kaskazini. Kwa michango ya miaka walikuwa wamejenga ukumbi Makindye. Haukuwa mzuri, lakini ndiko jeneza lilikopumzika kabla ya safari ndefu ya nyumbani, na ndiko waombolezaji walikolala. Sasa Taban alitaka kuukodisha kwa mfanyabiashara wa bia aufanye ghala. Kwa kuwa wanachama wametawanyika, wengine walinzi Uarabuni, wengine na jeshi Somalia, aliwauliza kwa simu, na kesho yake akatangaza kwamba wamekubali.

Jioni Aloyo alimkuta Taban barazani kwake, anakunywa chai.

"Afande, simu ya Ocira iko wapi?"

"Ninayo. Si mliniachia wakati wa msiba, niwajibu watu wa mbali?"

"Na nani amepiga kura kwa simu hiyo?"

Taban alikoroga chai yake taratibu. "Mimi. Usinipigie kelele, mama. Mimi na Ocira tulikuwa tunasikizana. Angekuwepo angekubali tu."

"Umemfufua ndugu yangu ili akuinulie mkono?"

"Basi leta njia yako. Watu wako Mogadishu, wako Dubai. Utawakusanyaje? Kwa hiyo filimbi yako ya trafiki?"

Aloyo aliondoka bila kuaga. Njia nzima alikuwa akiongea peke yake.

Kuanzia hapo, kila alipopata nafasi ya kula, alikula huku akitafuta mtandaoni chombo cha kupigia kura. Cha kwanza kilijiita cha bure, lakini alipoingiza nusu ya wanachama kikajifunga, kikadai malipo ya dola ambayo yangeweza kununua bati jipya la ukumbi mzima. "Wametuona sisi ni bunge?" aliuliza skrini. Cha pili kilituma namba za siri kwa barua pepe tu. Mama Filda, mjane wa sajini, alicheka kwa uchungu: barua pepe yake aliifungua mjukuu, na neno la siri mjukuu mwenyewe amelisahau.

Cha tatu alikijaribu na jirani yake Vera, Mkenya aliyekuwa mhasibu wa duka la jumla. Vera alifungua kiungo na kupiga kura. Akapiga tena. Kabla chai haijapoa alikuwa amepiga mara sita.

"Na ukinipa mandazi naendelea, dada," alisema.

Aloyo hakucheka.

Akaenda kwenye ofisi moja ya Ntinda iliyojitangaza kuendesha uchaguzi wa vyama. Bwana mwenye tai alimkaribisha vizuri, akamwonyesha rangi na michoro, kisha akainamia meza na kushusha sauti. "Mwenyekiti wenu angependa kuona matokeo kabla ya wengine? Viongozi wengi hupenda hivyo. Tunaweza kuyapanga."

"Kuyapanga vipi?"

Bwana alitabasamu. Aloyo alisimama kwa ghafla hata kiti kikaanguka, na hakukiinua.

Mwishowe Vera ndiye aliyekiona chombo kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya vyama vya ushirika. Bei yake iliwezekana. Kila mwanachama angepata namba ya siri kwa ujumbe wa kawaida wa simu, itumike mara moja tu, na mwenye simu ya vitufe angejibu kwa ujumbe. Hakuna ambaye angejua mwenzake amechagua nini. Walikijaribu kwanza kwa swali la mzaha, sherehe ijayo wapike malakwang, mboga ya kwao kaskazini, au kuku. Ujumbe haukufika Dubai. Aloyo aliwaandikia wenye chombo maneno makali, nao wakarekebisha.

Kazi ngumu ikawa namba za wanachama. Aliwapigia wote, asikie kila sauti kwa sikio lake. Kila alipopata marehemu alimfuta. Ocira alimfuta wa kwanza.

Taban alitaka kukataa kura isirudiwe, lakini walioko Somalia walikuwa wameshasikia habari ya simu ya maiti, na walimpigia kwa zamu mpaka akaridhia.

Jumapili walikusanyika ukumbini kusikiliza matokeo. Vera, ambaye hakuwa mwanachama, ndiye aliyeyasoma.

"Ndiyo" ilikuwa imeshinda. Tena kwa wingi. Walioko mbali walikuwa hawajalala katika ukumbi ule miaka mingi, na kodi waliihitaji kuliko mahali pa kulilia.

"Si nilikuambia?" Taban alisema akicheka.

Aloyo alimsogelea. "Leo umeshinda, Afande. Siku ile uliiba. Usichanganye vitu viwili hivyo mbele yangu. Nipe simu ya ndugu yangu."

Taban alitazama huku na huku, hakuna aliyemtetea. Aliitoa mfukoni. Mama Filda akainuka akisema wapige kura nyingine kwa chombo hichohicho, kama mwenyekiti abaki au aende. Wiki iliyofuata Taban aling'olewa, hata na wale waliotaka ukumbi ukodishwe. Aloyo aliombwa akalie kiti chake, akakataa kwa maneno ambayo Mama Filda alimtaka asiyarudie.

Ukumbi ulipokabidhiwa mwenye bia, alibeba mikeka na masufuria yote kwake Mbuya. Msiba uliofuata, waombolezaji walilala sebuleni mwake, miguu mpaka jikoni. Aloyo aliwapikia wote huku amenuna, na kila aliyemuuliza hali alijibiwa kwamba hajambo, asogeze miguu.