Mpima Maneno

Mtafiti mmoja hushinda na hedifoni masikioni, akisikiliza watu wakiongea na kutia alama kila mmoja anapodaka neno la mwenzake na kuanza kulitumia. Kalamu zake zote zimetafunwa vichwa. Jana nyundo za fundi seremala wa jirani zilimfika shingoni, akatoka mbio kwenda kumkomesha.

“Fundi, kelele zako zinaniharibia kazi!”

“Pole, dada, lakini msumari hauingii kwa kubembelezwa, umenipata?”

“Nimekupata, ila nami nataka utulivu, umenipata?”

“Nimekupata. Hebu iangalie meza hii.”

“Nzuri, ila miguu mirefu, umenipata?”

Aliporudi, mwenzake wa ofisini alimwuliza kama fundi amekubali.

“Amekubali,” alijibu akikwepa macho. “Kesho anatuletea meza.”

Huko nje nyundo ilikuwa imeshaanza tena.