Nilidanganya Kwamba Sarafu Zimefutwa, Shemeji Yangu Akapoteza Jicho

Msinionee huruma. Nimekosa, na kosa langu halina wa kusingiziwa. Hata jina langu silitaji, maana ndugu zangu wakilisoma hapa leo, kesho sina pa kwenda.

Mimi ni mjane, mzaliwa wa Kaagya kule Bukoba vijijini, nina watoto wawili. Mume wangu alipofariki, aliyenishika mkono ni mume wa mdogo wangu. Nitamwita Projestus. Ndiye aliyenipeleka kisiwa cha Goziba, akanitafutia kibanda pale mwaloni, boti zinapotia nanga, akaninunulia sufuria mbili na kunikabidhi kwa wenyeji. Nikaanza kuwapikia wavuvi chai, maandazi na ugali. Watoto wangu wamesoma kwa ajili ya mtu huyu!

Kazi ya Projestus ilikuwa kuuza chenji. Kisiwani chenji ni shida kubwa. Mvuvi anakunywa chai ya mia tatu halafu anakutolea noti ya elfu kumi, utamrudishia nini? Basi yeye alikuwa anazunguka Bukoba kukusanya sarafu, anazileta kwa boti kwenye begi. Ukimpa noti ya elfu kumi, anakupa sarafu za elfu tisa na mia tano. Ile mia tano ndiyo riziki yake. Wote tulimtegemea.

Sasa mimi nina hasira za karibu, tangu utotoni. Mwezi ule Projestus alitangulia kumpa chenji mpishi mwenzangu, Mama Rehema, mimi nikakosa. Nikamtukana mbele za watu. Yeye akacheka tu, akasema kwa upole wa Kihaya, "Waitu shemeji, na wengine wana njaa." Kile kicheko kilinikaa rohoni.

Siku chache baadaye nikaenda Bukoba kufuata unga. Nililala kwa binamu yangu, mtaa wa Kibeta, na asubuhi nikaenda kusukwa. Pale saluni mteja mmoja akasema amesikia sarafu za hamsini na za mia zinaondolewa, muda si mrefu hazitapokelewa popote. Kasikia wapi? Hata yeye hakujua. Msusi akaguna, wakahamia habari za harusi.

Ningeyaacha palepale saluni!

Lakini ukishuka Goziba ukitokea mjini, watu wanakuzunguka. Habari za Bukoba? Bei ya sukari? Kuna nini kipya? Siku hiyo nikajisikia mtu. Nikawaambia za hamsini na za mia zimefutwa. Mzee mmoja fundi wa nyavu akaniuliza, "Umeona wewe au umesikia?"

Nikasema, "Nimesoma tangazo kwa macho yangu, limebandikwa mlangoni benki."

Benki sikufika! Hata mtaa wenyewe sikupita. Sijui kwa nini nilisema vile. Nadhani nilitaka waendelee kunitazama.

Kufikia jioni hakuna duka lililopokea sarafu. Kesho yake mvuvi mmoja na muuza duka wakakunjana kwa ajili ya mia mbili ya sigara, mvuvi akang'olewa meno mawili. Niliiona ile damu ikimtoka mdomoni, nikaendelea kukanda unga wangu. Kisiwani mtandao unaukamata kwa kupanda mlimani, na hata waliopanda hawakuuliza. Wangeuliza nini, wakati mimi nimeliona tangazo?

Siku ya nne boti ikamleta Projestus na begi lake.

Ilikuwa siku za mbalamwezi, dagaa hawavuliwi, wavuvi wamejaa tu mwaloni hawana kazi. Wengine walikuwa wamelewa tangu asubuhi. Alipotua begi karibu na kibanda changu na zile sarafu zikalia ndani, watu wakaanza kusogea.

"Leo umekuja kututupia hivyo vyuma vyako?" mmoja akamuuliza.

"Vyuma gani?"

"Si zimefutwa? Wewe umejua mapema, unakuja kuzimalizia kwetu washamba wa kisiwani!"

Projestus akacheka. Kile kicheko chake! "Jamani, nimetoka Bukoba leo. Nimelipia chai kwa sarafu hizihizi. Nani kawaambia?"

"Kuna mtu ameona tangazo benki."

"Mtu gani? Anionyeshe. Twende naye kwenye hiyo benki, nauli nalipa mimi."

Akainama kufungua begi, awaonyeshe. Yule fundi wa nyavu akageuka kunitafuta kwa macho, na mkono wake nikauona unanyanyuka kunielekea.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penye dhambi yangu. Sikumchukia Projestus kiasi hicho. Niliogopa aibu. Niliogopa kuitwa mwongo mbele ya watu wanaokula kwangu. Nikachomoa ukuni jikoni, ncha bado ina moto, nikapiga kelele, "Mwizi huyu! Anatuibia!" Nikampiga nao kisogoni kwa nguvu zangu zote.

Alianguka kifudifudi juu ya begi. Hakuniona. Mpaka leo hajui.

Baada ya hapo sikuwa na haja ya kufanya kitu. Wanaume wakamwingia. Mateke, ngumi, mawe. Mmoja alileta kafi ya mtumbwi, akawa anampiga mkononi, maana Projestus alikuwa ameling'ang'ania lile begi. Nilisikia vidole vikivunjika. Begi likachanika, sarafu zikamwagika mchangani, na watu wakazikanyaga bila mtu mmoja kuinama kuokota. Mia kwa mia, hamsini kwa hamsini, zimelowa damu. Walishaamini ni takataka!

Wakamgeuza chali. Jicho la kushoto halikuwa jicho tena.

Ndipo akaita. Hakumwita mkewe, hakumwita Mungu. Aliniita mimi. "Shemeji! Shemeji niokoe, wananiua!"

Nikapiga yowe, nikamlalia juu. Mateke mawili yakanipata mbavuni, ndipo wakaacha. Kwa sababu hiyo tu, jamani, kwa hayo mateke mawili, leo kwetu naitwa shujaa!

Nilipanda naye boti, kichwa chake mapajani kwangu, safari nzima ananishika gauni kwa mkono uliokuwa mzima. Hospitali Bukoba wakamtoa jicho. Vidole vitatu havikunji tena. Polisi walipofika kisiwani kesho yake, waliopiga walikuwa wameshatawanyika, kila mmoja kwao, na waliobaki hawakuona kitu.

Baada ya wiki moja nikarudi Goziba kufuata vyombo vyangu. Nikakuta sarafu zinatumika kama kawaida. Hakukuwa na tangazo wala nini. Watu walikuwa wameshachekecha ule mchanga wote, wameokota kila kitu. Hakuna aliyenilaumu, maana kila mmoja alikuwa na mkono wake pale. Ila chini ya meza yangu zilibaki chache, zimeingia kwenye majivu. Nikaziokota. Nauli ya kurudia nikalipia hizohizo.

Nimeamua kueleza yote, basi na hilo nimeeleza.

Sasa naishi Kaagya, nalima kibanja cha marehemu baba. Projestus hana kazi. Nani atampa begi la pesa mtu asiyeweza kukunja vidole? Mdogo wangu ndiye anayehangaika, anabeba ndizi kichwani mpaka gulioni. Nikienda kwao, baba yake Projestus ananipa kahawa ya kutafuna kabla ya wageni wote, ananishukuru mbele za watu. Projestus ameniuliza mara tatu, "Wewe ulikuwepo. Nani alinipiga ile ya kwanza? Ile ya nyuma?"

Mara zote tatu nimejibu, "Watu walikuwa wengi, sikumwona."

Usingizi sina. Chakula nikikiona nashiba. Mara mbili nimefika mpaka mlangoni kwao nimeshapanga maneno, mdogo wangu akatoka ananikumbatia, "Dada, bila wewe ningekuwa mjane." Nikayameza.

Na mtoto wao, yule aliyekuwa tumboni siku ile, ni wa kike. Wamempa jina langu. Wamenichagua mimi niwe mama yake wa ubatizo! Nilikataa, wakadhani ni unyenyekevu. Ubatizo ni Jumapili. Padri ataniuliza kama ninamkataa Shetani na mambo yake yote, mtoto nimempakata, baba yake amesimama kushoto kwangu, mimi niko upande wa jicho aliloachiwa. Na mimi najijua. Nitajibu, "Namkataa."

Ndugu yangu unayesoma, siku ukileta habari ya kusikia, iwe ya pesa au ya mtu, ukaulizwa kama umeona, sema ukweli, "Nimesikia tu, sijaona." Watakuacha, watarudi kwenye chai yao, utajiona mdogo kwa dakika tano. Mimi dakika hizo tano zilinishinda. Na sasa kila nikiingia kwa mdogo wangu, mumewe anageuza shingo nzima ili anione, halafu anatabasamu.