Aliyekataa Kugonga Muhuri wa "Hajulikani"

Saa moja kasorobo asubuhi, geti la nyuma la ofisi kuu ya posta bado limefungwa kwa mnyororo. Mwanamke wa miaka hamsini na nane anapindua kreti la plastiki la kubebea barua, analifuta vumbi kwa kiganja, anakaa. Anafungua daftari mapajani na kuchonga penseli kwa wembe.

Mzee mmoja anamsogelea, mkononi ana bahasha iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiyo wewe Mama Droo?"

"Ndiyo mimi. Na wewe ni sanduku mia tatu kumi na mbili, tawi la sokoni. Fundi bomba mstaafu. Goti linaendeleaje?"

Mzee anacheka mpaka anakohoa. "Kumbe nipo! Wale wa pensheni wanasema nilishakufa tangu mwezi wa nne."

"Pole, marehemu."

"Asante, mwanangu. Marehemu mwenyewe hajala tangu jana."

Mlinzi wa geti hayumo kwenye mgomo. Ni kibarua wa kampuni nyingine na akionekana akizungumza na wagomaji anaweza kupoteza kazi. Hata hivyo anapitisha stuli yake kwenye upenyo wa geti ili mzee akae, kisha anageuka kutazama upande mwingine. Atasimama hivyo hadi zamu yake iishe saa sita.

Leo ni Jumatano, siku ya kumi na tisa ya mgomo wa wafanyakazi sitini na wawili wa posta ya mji huu. Safari hii hawadai nyongeza ya mshahara. Wanadai muhuri mmoja uondolewe mezani, na mwenzao aliyekataa kuugonga arudishwe kazini.

Mama Droo aliingia posta akiwa na miaka thelathini na miwili. Wakati huo, anasema, chumba cha kuchambulia barua kilikuwa na watu arobaini na sita, na kelele zake zilikuwa kama za sokoni. Leo wamebaki tisa. Feni ya dari haizunguki, na vyumba vidogo vya mbao vya kupangia barua vimeng'olewa nusu, vikauzwa.

"Mimi nasoma mwandiko wowote," anasema. "Wa daktari, wa mtoto, wa mtu aliyeandika huku analia. Mtu akiandika 'kwa mama mwenye ng'ombe mmoja nyuma ya zahanati', barua inafika. Ndiyo kazi yangu."

Mwaka jana matawi manane kati ya kumi na moja yalifungwa. Wenye masanduku walipewa miezi mitatu waende ofisi kuu kujiandikisha upya, la sivyo masanduku yao yatafutwa. Taarifa hiyo waliandikiwa kwa barua. Na barua zenyewe zilitiwa ndani ya masanduku yale yale, ndani ya matawi ambayo milango yake ilikuwa imeshapigwa kufuli.

Nilimwomba arudie, nikidhani sikusikia vizuri. Alirudia.

Basi masanduku elfu moja na zaidi yakafutwa, na wenyewe hawana habari. Barua zao zikaendelea kuja. Hapo ndipo muhuri mpya ulipoletwa, na maneno yake ni mawili: "Hajulikani. Irudishwe."

Zamani palikuwa na muhuri wa "Sanduku limefungwa". Huo uliondolewa. Wachambuzi wanaeleza sababu: barua iliyorudi kwa kuwa sanduku limefungwa huhesabiwa kuwa kosa la posta katika ripoti ya mwaka. Iliyorudi kwa kuwa mtu hajulikani, kosa ni la aliyeandika. Kwa hiyo mkubwa akisoma ripoti, posta haina doa, ila nchi imejaa watu wasiokuwapo.

"Niliambiwa nigonge," anasema Mama Droo. "Ya kwanza kushika ilikuwa ya mwalimu aliyewafundisha wanangu wote wawili. Nikasema, huyu hajulikani na nani? Jana tu nimemsalimia."

Aliiweka kwenye droo ya chini ya meza yake. Jioni aliipeleka mwenyewe, kwa miguu. Kesho yake zikawa tatu. Wenzake wakaanza kumletea za kwao kimyakimya, na dereva wa gari la posta ndiye aliyempa jina.

"Nilimwambia, wewe si mchambuzi tena, wewe ni Mama Droo, umefungua tawi lako," anasema dereva huyo, akiwa ameketi chini na kuegemea ukuta. "Kaunta haina, meneja haina, na bado inafanya kazi kuliko makao makuu."

Kwa miezi saba alifikisha barua mia mbili na kumi na nne. Wagonjwa walipata tarehe zao za hospitali. Mama mmoja alipata habari za mwanawe aliyekuwa kimya miaka sita. Kiatu kilitoboka, na mumewe, fundi cherehani, akakishonea soli ya kipande cha turubai.

Lakini yeye mwenyewe hataki kusifiwa, na kuna jambo moja analolisema bila kuulizwa.

"Wiki moja goti langu lilivimba. Siku nne sikutembea. Katika droo kulikuwa na barua ya binti aliyeitwa kwenye usaili wa chuo cha uuguzi. Nilipoifikisha, usaili ulikuwa umepita jana yake." Anapangusa jalada la daftari ambalo halina uchafu. "Hilo ni langu. Silisukumi kwa mtu."

Mama wa binti huyo alikuja getini Jumatatu iliyopita. Wagomaji waliinama, wakijua anakuja kutukana. Badala yake aliomba penseli, akaandika jina lake na anapoishi katika daftari la Mama Droo.

"Mwanangu amekasirika na ana haki," alimwambia Mama Droo. "Ila dada yangu, ungegonga ule muhuri, hata leo tusingejua kama aliitwa. Ataomba tena mwakani."

Wakaguzi walipokuja, walikuta droo ina barua thelathini na moja. Mama Droo alisimamishwa siku hiyo hiyo kwa kosa la kuzuia barua. Wenzake wakaweka kalamu chini na kutoka nje.

Meneja wa posta wa mkoa alinipokea katika chumba chenye kiyoyozi na zulia jipya. Alikuwa na adabu. "Mama mwandishi, tuwe wakweli," alisema. "Watu wana simu. Nani anaandika barua siku hizi?"

Nilimwuliza, kama hakuna anayeandika, hizo elfu sita zilizogongwa muhuri tangu mwaka jana ziliandikwa na nani? Aliangalia saa yake, akasema ana kikao.

Nimeandika habari za watu kwa miaka mingi na sipendi kupandisha sauti. Lakini huyu mzee wa bomba aliunganisha maji ya nusu ya mji huu kwa mikono yake. Kila mwaka hutumiwa fomu ya kujaza ili ionekane bado anaishi. Safari hii ilirudi imegongwa, siku Mama Droo alipokuwa mapumziko, na pensheni ikakatwa. Hakuna aliyetembea dakika kumi na tano kwenda kumwangalia. Kuna watu wanalipwa vizuri kuamua hivyo, na usiku wanalala usingizi.

Ndiyo maana ya daftari. Kila ambaye barua yake iligongwa muhuri ule, au ilitakiwa kugongwa, anakuja kuandika jina lake na anapokaa, ionekane kwamba yupo. Hadi asubuhi hii wamefika mia nne na tisa. Kesho saa nne litawekwa mbele ya kikao cha nidhamu kitakachoamua shauri la Mama Droo.

Kabla ya hapo, saa nane mchana huu, karani wa meneja anatoka na karatasi moja na kalamu. Ni kijana mpole, hawezi kumtazama Mama Droo usoni. Mama Droo akisaini, mgomo utaisha bila mtu kuadhibiwa, naye atastaafu leo na haki zake zote, miaka miwili kabla ya wakati. Asiposaini, kesho anaweza kufukuzwa, na miaka ishirini na sita iende na maji.

Karatasi inasema hivi: "Nakiri kwamba nilificha barua za watu wasiojulikana, kwa manufaa yangu."

Dereva anainuka. "Mama, ukisaini hatukulaumu. Nasema mbele ya wote."

"Kaa chini, kaka, unaniziba mwanga," anajibu, na watu wanacheka, lakini wengine wanafuta macho. Jana mumewe alimsihi asaini wapumzike. Walinuniana. Leo asubuhi ameamka akakuta sare yake imepigwa pasi, imetundikwa mlangoni, na mume ameshaondoka kwenda kazini.

Anasoma karatasi mara mbili, kidole kikifuata mstari.

"Mwanangu, niandikie 'nilichelewesha barua'. Hapo nasaini sasa hivi."

"Siruhusiwi kubadilisha neno, mama."

"Najua. Si kosa lako. Umekula?" Anamrudishia karatasi, pamoja na kalamu.

Namwuliza anatumaini nini. Anasema akirudishwa, ataomba meza moja na kiti kimoja kwenye tawi la sokoni, siku mbili kwa wiki, hata kama ni barazani. Ameshapata mwenye duka wa kumwazima meza.

"Na ukifukuzwa?"

"Wanifukuze kwa nililofanya. Nilichelewesha barua, ndiyo, na kuna mtoto wa watu ameumia. Nitasema hivyo hivyo kesho, nikiwa nimesimama. Lakini kuandika kwamba watu hawa hawapo, mkono wangu hautaandika."

Kisha anamwita mwanamke wa nyuma kwenye foleni ya daftari, mwenye mtoto mgongoni, na kumwuliza anakaa wapi.