Suali la Bi Time kwa Rais

Bi Time binti Mjaka wa Chokocho, Pemba, alimuuliza Rais suali moja tu, akakosa raha siku tisa.

Na Rais mwenyewe ndiye aliyeanza. Kila baada ya miezi mitatu alikuwa akizungumza redioni juu ya akiba ya nchi, zile fedha za kigeni zinazowekwa kwa siku ya shida. Safari hii akasema anazisimamia yeye, serikali haina la kuficha, mwenye suali apige simu. Bi Time akaamini, akapiga. Miaka arubaini amechuma karafuu na kuiuzia serikali. Aliona ana haki ya kujua dola za karafuu zake zimefikia wapi.

Kuuliza hakukuwa kosa. Kilichomponza ni adabu. Mpemba hatoi suali kavu. Kwanza atasalimia, ataulizia watoto, kisha atajitambulisha mpaka basi. Kwa hiyo Bi Time akamtajia Rais, nchi nzima ikisikiliza, jina lake, la baba yake aliyetoka bara, kijiji chake, na eka tatu za mikarafuu ambazo baba alipewa na serikali baada ya Mapinduzi. Ndipo akauliza akiba imebaki kiasi gani, na nani anayeikagua. Rais akashukuru, akaahidi jawabu la maandishi.

Alipoweka simu ndipo alipotambua alichokifanya. Shamba la kupewa na serikali, serikali hiyo hiyo inaweza kulichukua, naye amewaelekeza mpaka mlangoni!

"Yakhe Time, nani kakutuma?" jirani yake Zulekha alimuuliza.

"Mwenyewe kasema tuulize."

"Kasema. Na weye ukamtajia na eka!"

Tangu hapo Zulekha hakuja tena kumsaidia kuchambua karafuu. Wengine walipita mbali, salamu zao fupi. Bi Time kila akisikia gari barabarani, aliacha kazi akachungulia.

Siku ya tisa gari likasimama kwake kweli, jeupe, la serikali. Alikuwa akianika karafuu, akakaa papo hapo jamvini. Wakashuka Mzee Rajab, sheha anayeiwakilisha serikali kijijini hapo, na afisa kijana aliyejitaja kwa jina la Msellem, faili kwapani. Bi Time alijua ndani ya faili lile mna ramani ya shamba lake.

Haikuwamo. Ilikuwamo barua ya kurasa tatu. Alisoma polepole. Salamu zilikuwamo, shukrani zilikuwamo, neno uwazi limetajwa mara saba. Chini kabisa pameandikwa: Nimejibiwa na nimeridhika. Kisha nafasi ya saini.

"Mwanangu, kiasi chenyewe sikioni."

"Kinaandaliwa, Bi Time."

"Na anayekagua?"

Msellem akamtazama sheha. Sheha akaitazama mikarafuu, mmoja mmoja, bila haraka.

"Eka hino ndo ile aliyopewa marehemu Mzee Mjaka?" akauliza kwa upole.

Bi Time akalielewa suali. "Ndo hino, Mzee."

Akaomba kalamu, akatia saini. Msellem alishusha pumzi kwa nguvu, akajifuta uso, na hapo Bi Time akatambua kuwa kijana huyu naye alikuwa akiogopa, pengine kumshinda yeye.

"Una suali jengine, Bi Time?"

"Sina, mwanangu."

Gari likaondoka, shamba likabaki lake. Alasiri ile ile Zulekha akaja, akavua viatu, akakaa naye jamvini kuchambua makonyo, vile vijiti vya karafuu. Alitazama nyuma, kisha akanong'ona:

"Enhe, wamesema imebaki kiasi gani?"

Bi Time hakuinua uso.

"Wamenijibu," akasema. "Nimeridhika."

Na aibu ikamshika hata akashindwa kumtazama jirani yake.