Kinu cha Jirani

Eda yangu ilipokwisha, mdogo wangu aliniletea tiketi niende Maskati nikapumzike. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nyumba niliyokaa na marehemu mume wangu kule Unguja ilikuwa ya ndugu zake, na kila wakija kunipa pole walikuwa wanaipima kwa macho, dari mpaka sakafu. Mtoto sikujaaliwa. Kwa hivyo nilipanda ndege na niya nisiyomwambia mtu: kwamba mdogo wangu ataniambia, dada, usirudi tena, kaa na sisi. Kuomba nisingeomba. Nilimbeba mgongoni yule kabla ami yetu hajamchukua kwenda naye Arabuni. Akinitaka, atasema mwenyewe.

Nyumba yake ilikuwa Qurum, kubwa, nyeupe, na baridi kila chumba. Asubuhi yeye anakwenda wizarani, wifi yangu anakwenda kusomesha, watoto skuli, na mimi nabaki na mwanamke wa Kihindi aliyekuwa akiwapikia. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi ilipita wiki ya pili sijapewa hata kisu cha kumenyea kitunguu. Nilipoingia jikoni nikashika mwiko, yule mwanamke alinipokonya taratibu, kwa adabu, huku anatazama mlango kama ambaye kazi yake iko hatarini.

"Wifi yangu, wewe umekuja kupumzika," wifi aliniambia jioni. "Pumzika, mama."

Nikapumzika mpaka mgongo ukaniuma. Jioni wakija wageni nakalishwa mahali pa juu, naletewa tende, halwa na kahawa kabla ya wote, wanawake wananiuliza habari za Unguja, nasema nzuri. Wakiondoka, watoto wanarudi kwenye televisheni na Kiarabu chao. Niliwahi kutoka kwenda kutembea, nikagundua mtaa ule hakuna atembeaye. Gari zilisimama kuniuliza kama nimepotea. Sijapata kuwa mpweke vile hata usiku wa kwanza wa eda, maana usiku ule nyumba ilijaa watu wanaonililia.

Asubuhi moja nilikuwa uani nikasikia kinu. Nilidhani masikio yananidanganya, kwani Qurum yote hakuna atwangaye, kila nyumba ina mashine. Kinu kikaendelea, na juu ya ukuta ikaja harufu ya mchaichai. Nilivaa buibui langu nikazunguka mpaka geti la jirani, nikapiga hodi kwa Kiswahili kama mwehu.

Aliyenifungulia alikuwa mwanamke mfupi, ushungi kichwani, mikono ya manjano mpaka viwiko. Salamu yangu aliiitikia vizuri. Baada ya hapo tulikwama: Kiarabu changu ni cha chuo cha Kurani, kinafaa kwa sala lakini hakinunui nyanya, na chake hakikuwa kikubwa kuliko changu. Baadaye wifi ndiye aliyenieleza kwamba ni Mwislamu wa Kambodia. Mumewe, mtoto wa Maskati, alimuoa walipokuwa wote wanasoma Malaysia. Sasa mume yuko jangwani kwenye kazi za mafuta na hurudi kwa nadra. Mimi sikujua kama Kambodia kuna Waislamu. Yeye, nadhani, hakujua kama kuna Unguja.

Jiko lake lilikuwa la nje, nyuma ya nyumba. Kwenye kinu kulikuwa na mchaichai uliokatwa mwembamba, vitunguu thomu, manjano mbichi, majani ya ndimu, na khulinjani, ile ambayo sisi tunaijua kuwa ni dawa ya kifua. Alinitazama ninavyokitazama kinu, akanipa mchi. Hakuniuliza lolote. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Nilipomaliza kutwanga akafungua chupa, akachota kidogo. Subhanallah! Nilijiziba pua kwa ushungi. Ni samaki waliochachishwa kwa chumvi mpaka wakawa kama uji, kwao wanawaita prahok. Yeye alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nikakumbuka ng'onda, samaki wetu wa kukaushwa, wanavyonuka wakianikwa kwetu, na mimi ndiye niliyekulia ng'onda, nikaiacha pua ivute.

Alichanganya vile vilivyotwangwa na tui zito, yai na vipande vya nguru, akafunga kwenye majani ya mgomba aliyoyanunua soko la Mawaleh, akapika kwa mvuke. Amok, akaniambia, akarudia mpaka nikaweza kulisema. Nilitia mdomoni nikitegemea mchuzi wetu wa nazi. Wapi! Kulikuwa na sukari. Sukari kwenye samaki! Nikataka kugomba, lakini tui na yai vilikuwa vimegandana laini, na ile chupa inayonuka imegeuka kuwa chumvi ya mbali, nzuri. Yeye hakula. Alikuwa ananitazama mdomo. Nilipochukua kipande cha pili ndipo akasema bismillahi akala, na nikajua kwamba kwa muda mrefu alikuwa anapika na kula peke yake.

Nikawa nakwenda kila asubuhi. Nyumbani hakuna aliyejua, maana hakuna aliyeuliza.

Siku moja nilichukua vifurushi kadhaa vya amok nikaviweka mezani kwa chakula cha mchana. Watoto walinusa wakakimbia. Wifi alionja kwa heshima. Mdogo wangu alikula, akaongeza, akalamba kidole kama zamani.

"Kapika nani hiki?"

"Mimi. Na jirani, kule jikoni kwake."

Aliacha kula. "Dada, unakwenda kupika majumbani kwa watu?"

"Natwanga tu. Nna mikono mizima."

"Wewe mgeni wangu. Mgeni wangu hatii mkono jikoni, si kwangu wala kwa jirani. Ukirudi Unguja watu watasema nini? Kwamba nimekuleta huku nikakufanya mtumishi?"

Alisema kwa mapenzi, nalijua hilo. Kwake yeye hayo ndiyo mapenzi: dada asiguse kitu, asichoke, apewe kipande kikubwa. Lakini mimi nilisikia "ukirudi" tu. Moyo ulinianguka pale pale, mbele ya samaki.

"Basi nithibitishie tiketi," nikasema.

Alinitazama kidogo, midomo ikataka kufunguka. Halafu akamwita yule mwanamke alete matunda.

Asubuhi ya safari, mdogo wangu akipakia sanduku, nilikwenda kumuaga jirani. Nilimwonyesha mbinguni kwa kidole, nikamfanyia mkono wa ndege. Alielewa. Aliweka chini kisu chake, akanishika mikono yote miwili, akatafuta Kiarabu kichwani mwake kwa muda, kisha akasema:

"Usende."

Nililia. Sikumlilia marehemu vile. Nilitaka kumwambia ndiyo, siendi, lakini hiyo haikuwa nyumba ya ndugu yangu, na nje ndugu yangu alikuwa anapiga honi.